Dahlia ya Pinki Iliyoitwa Shemsa

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemaliza kugeuza udongo wa kule ukutani. Mbolea ya ng'ombe, mchanga, mbolea tena. Mgongo unaniuma. Harriet, mfanyakazi wangu, kabeba ndoo za mwisho huku akinung'unika. Kwao Uganda kila kitu kinaota bila kubembelezwa, haelewi kwa nini hapa Al Khoudh tunaufanyia udongo karamu. "Mama, hii maua inakunywa maji kunishinda mimi," kaniambia. Kweli.

Joto limeanza kulegea. Asubuhi naweza kukaa uani mpaka jua lipande bila kuloa jasho. Dahlia haziwezi kiangazi cha Maskati na mimi sizilaumu. Tunazipanda sasa, zinachanua wakati wa baridi, na joto likikaribia kurudi tunachimbua viazi vyake, ile mizizi minene, na kuvilaza kwenye friji mpaka Oktoba nyingine. Nusu mwaka bustanini, nusu mwaka pamoja na karoti.

Safu ya katikati iko tupu. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Shemsa. Namaanisha ua, si mtu. Mtu yupo, anakuja kesho kunywa chai.

Jumapili, 5 Oktoba

Bado nina huzuni ya vile viazi. Najiambia ni ua tu. Haisaidii.

Lile ua halikutoka dukani. Nililiotesha mwenyewe kwa mbegu iliyoanguka kutoka kwenye dahlia zangu, baba yake kaletwa na nyuki, wala sijui alimtoa wapi. Mbegu za dahlia hazina adabu, hakuna inayotoa ua kama la mama yake. Ukipanda mia utapata sura mia, nyingi mbaya. Hii moja ikatoka pinki ya ufizi wa mtoto mchanga, kila petali nyeupe kwa nyuma, na petali za katikati zote zinapinda kushoto, hazikubali kulala. Duniani hakuna nyingine. Unaweza kuizidisha kwa viazi vyake tu, na viazi nilikuwa navyo mimi.

Asubuhi lilipofunguka mara ya kwanza Shemsa alikuwa hapa, kikombe mkononi. Yeye ndiye aliyeliona kabla yangu. Nikalipa jina lake hapo hapo. Alicheka mpaka akamwaga chai. Tumekuwa mashoga tangu tulipokuwa wasichana wizarani Al Khuwair, meza zinatazamana, mume wangu hai, mume wake hai. Nani mwingine ningempa jina?

Mwezi wa sita mimi na mwanangu Ilham tulikwenda Unguja. Nyumba nikaizima umeme wote. Viazi vya Shemsa nikampelekea Shemsa mwenyewe avilaze kwenye friji yake. Vyote. Sikubakisha hata kimoja. Niliporudi akanipokea na uso umemshuka. Friji iliharibika, vimeoza, kavitupa. "Shoga yangu, wallahi sina uso wa kukutazama," akasema, na machozi yakamtoka. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mawaleh, mimi na Shemsa, duka la miche karibu na lilipokuwa soko kuu la mboga. Kaendesha yeye. Kaja na chupa ya kahawa na tende, kama tunasafiri.

Viazi vinakuja kwenye pakiti zenye picha. Majina ni ya Kizungu, tunayapa yetu. Kuna ile kubwa inayoitwa kahawa ya maziwa, pana kuliko kisahani, pinki imefifia. Shemsa kaipenda. Mie naiona imefuliwa mara nyingi mno. Kuna ya mviringo, petali zimejikunja: pinki ya sabuni. Kuna yenye ncha kali: pinki ya dawa ya kikohozi, sitaki kuiona bustanini mwangu. Na kuna moja petali zimepangika kwa utulivu, kama yungiyungi. Hiyo nimeichukua. Sabuni nayo nimeichukua, kwa ajili ya mbele. Kahawa ya maziwa nimeichukua kwa ajili ya Shemsa, akija awe na chake cha kutazama.

Alikuwa akishika pakiti moja moja na kuniwekea mbele ya uso. "Hii hapa, itazame vizuri, si kama yule?" Hapana. "Na hii?" Hapana. Hakuchoka. Alimsumbua mwenye duka atoe maboksi ya nyuma. Nilimwonea huruma. Alikuwa akilitafuta kuliko mimi.

Nimerudi na moyo mwepesi. Ua limekwenda, mwenye jina yupo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimepanda. Maji kidogo. Basi.

Ijumaa, 7 Novemba

Vimechipua vyote. Sabuni ndiye mwenye haraka.

Shemsa kaja baada ya sala ya Ijumaa na sambusa. Ilham alipotoka jikoni akamwita kama kawaida, "Mkaza mwanangu, njoo unipe mkono." Ilham kampa mkono na kukimbilia juu. Ana aibu. Miaka yote hii Shemsa anamwita hivyo, mbele ya watu, harusini, hitmani, popote. Mwanawe Nasser na Ilham wangu. Hatujakaa kitako kuzungumza tarehe, lakini baina yetu hakuna haja. Kwetu jambo hili haliandikwi. Mama wa mume akimwita mtoto mkaza mwana mbele ya jamaa, wengine wanaelewa na wanakaa mbali. Mwaka jana walikuja watu wazuri kumuulizia Ilham. Niliwaambia kwa adabu kwamba keshasemwa. Shemsa nilimhadithia, akanibusu shavuni.

Jumapili, 30 Novemba

Nimekata vichwa vya miche ili itanuke. Huwa inaniuma kufanya hivi na kila mwaka nafanya.

Alhamisi, 18 Desemba

Matumba kwenye yungiyungi. Madogo, magumu, ya kijani. Nayaminya kama mtu anayepima maembe.

Shemsa hajaja wiki mbili hizi. Mafua, anasema. Nilimpelekea supu, mlango kanifungulia mfanyakazi wake, kaniambia madam hayupo. Mafua gani yanayotoka nyumbani? Labda hospitali. Sikuuliza.

Ijumaa, 2 Januari

Yungiyungi limefunguka. Zuri. Limekaa vizuri, rangi safi, kila petali mahali pake. Nimelitazama muda mrefu, nikakuta sina la kuliambia. Ni kama mgeni aliyevaa vizuri.

Sabuni ni sabuni. Kahawa ya maziwa bado.

Nimempigia Shemsa aje aone. Hakupokea. Baadaye kanitumia ua la kwenye simu, yale ya kichina yanayong'aa.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika kama nilivyoona.

Nilikuwa nakunywa chai, natazama status za watu, ujinga wetu wa kila siku. Mdogo wake Shemsa kaweka video. Sinia za halwa, udi, vitambaa vya dhahabu, wanawake wanapiga vigelegele. Nikamuona Shemsa kavaa lile gauni la kijani nililomchagulia mimi. Hana mafua. Anamvisha msichana pete. Maandishi juu: Nasser na Lamya, Mungu awatimizie.

Nimeirudia. Nilifikiri labda kuna Nasser mwingine.

Mara ya tatu nikaona meza. Katikati ya meza kuna jagi la kioo, na ndani ya jagi maua. Nikaisimamisha video. Nikavuta kwa vidole mpaka picha ikachafuka. Pinki ya ufizi. Nyuma nyeupe. Za katikati zimepinda kushoto.

Nimekaa hapo mpaka chai ikaganda utando.

Viazi havikuoza. Mbegu haiwezi kurudia sura ile, si Mawaleh, si Uholanzi kunakotoka viazi vya dukani, si popote. Ua lile haliwezi kufika kwenye meza ile isipokuwa limetoka kwenye viazi vyangu, na viazi vyangu aliyepewa ni mtu mmoja.

Shemsa mwenyewe kanifungia status zake. Hilo nimelijua leo. Mdogo wake kasahau tu.

Jumapili, 18 Januari

Nimemwambia Ilham. Nilijiandaa kumshika akilia. Hakulia. Kaweka mkoba chini, karudi kutoka maabara chuoni, bado ana harufu ya dawa. Akasema, "Mama, mie Nasser sikumtaka hata siku moja. Anakula huku anazungumza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote.

"Mlikuwa mnafurahi nyie wawili."

Halafu akaniuliza kama kuna wali.

Mwanangu hakuumia. Mimi ndiye niliyeumia, na nimeumia kama niliyekataliwa mwenyewe. Ningefurahi kama ningekuwa namlilia Ilham. Ingekuwa na heshima zaidi. Kumbe namlilia Shemsa, na ua, na vile alivyonishikia pakiti mbele ya uso. Hii na hii na hii. Alikuwa akijua. Alikuwa akijua limo ardhini mahali fulani, anamsumbua mwenye duka atoe maboksi ya nyuma.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda kwake. Sikupiga simu. Kanikaribisha sebuleni, kaniletea kahawa. Sikuinywa. Aliona kwamba sikuinywa.

Nikasema nimeona video. Akajipangusa mikono kwenye nguo, mikono mikavu. Akaanza kunieleza habari za Lamya, mtoto mzuri, mama yake Bi Raya, watu wa Mawaleh, Nasser kamuona kazini na kampenda mwenyewe, angefanya nini, vijana wa siku hizi hawasemezeki. Hayo nilikuwa tayari kuyasikia. Kama angekuja kwangu mwezi wa tisa akaniambia hivyo, ningenuna wiki moja na kumpikia biriani ya posa kwa mkono wangu.

Nikamwambia nimewarudisha watu kwa neno lake.

"Neno gani, Zuleikha? Si tulikuwa tunacheka?"

Tulikuwa tunacheka. Miaka yote ile.

Nikauliza kuhusu viazi. Hapo akainamisha kichwa. Bi Raya anapenda bustani, alitaka kwenda kwao mara ya kwanza na kitu ambacho hakinunuliki. Halwa kila mtu anapeleka, udi kila mtu anapeleka. Friji ilikuwa imejaa viazi vyangu. "Nlibakisha kimoja nikurejeshee," akasema. "Kikaoza kweli."

Namwamini. Hilo ndilo linalonichoma. Kati ya yote aliyonambia tangu kiangazi, kuoza kwa kile kimoja ndiyo kweli pekee.

"Ua tu, shoga yangu," akasema mwisho.

Nimenyanyuka. Ameniita nikiwa mlangoni, sikugeuka.

Jumatano, 21 Januari

Kahawa ya maziwa imechanua leo. Ile niliyompandia yeye. Kubwa, nzuri kuliko zote. Nimeikata nikamwambia Harriet akaiweke chumbani kwake. Kashangaa. Kapiga nayo picha akaituma kwao.

Alhamisi, 29 Januari

Kadi imefika. Akdi ya ndoa wanaume watafunga msikitini, sisi wanawake tunaalikwa jioni nyumbani kwa bibi harusi, Mawaleh. Jina langu limeandikwa vizuri, na la Ilham.

Nina hasira. Nisipokwenda, watu watasema nalilia mkwe. Nikienda, nitakuwa nimekubali. Hakuna mlango wa tatu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda. Nimevaa vizuri mno, Ilham kanicheka. Yeye kajisikia raha, kacheza, kala.

Shemsa alikuja kunipokea mlangoni kwa mikono miwili. Watu walikuwa wanatazama. Nikampa shavu. Mashavu yake yana manukato yale yale. Nilidhani nitamchukia kwa karibu zaidi, kumbe kwa karibu nilimkumbuka tu. Nikaenda kukaa mbali.

Bi Raya sikuwa nikimjua. Mwanamke mnene mpole, anacheka na kila mtu, viatu vinambana. Kasikia kutoka kwa mtu kwamba mimi nina mkono wa maua, akanivuta tukatoka nje wageni wakiwa bado wanakula. Uani kwake taa zimewashwa. Waridi, asumini, mirihani. Na kule mwisho, karibu na tangi la maji, wamesimama. Wote. Viazi vyangu vyote isipokuwa kile kimoja, vimenenepa, vimebeba maua mpaka vimeinama.

Niliinama nikalishika moja kwa chini, pale shingoni, nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi. Nikaligeuza. Nyeupe.

"Kaniletea Bi Shemsa," akasema Bi Raya, fahari imemjaa. "Kaotesha mwenyewe kwa mbegu, hebu fikiri! Analiita Lamya, kwa jina la mwanangu."

Nilifungua mdomo. Sentensi nilikuwa nayo, fupi, imekaa ulimini tangu Januari. Huyu mama angeijua kweli, na kesho Mawaleh nzima ingeijua, na Shemsa angeingia katika nyumba ile kila mara kichwa chini mpaka afe. Nilimtazama Bi Raya, na viatu vyake, na nyuma yake dirishani yule msichana amekaa kwenye kiti cha dhahabu anacheka na shangazi zake. Hajaiba kitu cha mtu.

Nikasema ni ua zuri. Nikasema akate yaliyokwisha ili mengine yaje.

"Nkichimbua nitakupa kiazi," akasema. "Lazima. Maana naona umelipenda."

Kwenye gari nililia. Ilham kaendesha polepole, kazima redio.

Jumapili, 8 Februari

Lamya. Hata jina lake kalitoa. Ningemsamehe kuiba kabla ya hilo, nadhani. Alikuwa na ua duniani lenye jina lake, na kalifuta mwenyewe ili kumfurahisha mtu aliyemjua juzi.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Watu wamekuja, watu wamekwenda. Mara ya kwanza bila Shemsa mezani. Katuma ujumbe mrefu wa sauti. Sijausikiliza. Sijaufuta pia.

Dahlia zimechoka. Sabuni imeanguka upande.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimechimbua. Yungiyungi kaniachia viazi vingi vizuri. Ndiye pekee aliyenifanyia kazi yake bila makelele mwaka huu, na mimi sikumpenda ipasavyo. Msimu ujao nitamweka mbele.

Ilham anauliza kama tunakwenda Unguja mwezi wa sita. Sijamjibu.

Jumamosi, 18 Aprili

Joto limerudi. Saa tatu asubuhi ukuta haushikiki.

Bi Raya kaja. Peke yake, bila kupiga simu, kama watu wa zamani. Kabeba mfuko wa plastiki, na ndani yake, kimefungwa kwenye gazeti, kiazi. Udongo wa Mawaleh bado umekishika. Kaniletea kinono kuliko vyote, kasema. Tukanywa chai. Kaniuliza namna ya kukilaza kiangazi, nikamwambia: kikauke kivulini kwanza, kisha pumba za mbao, kisha friji, droo ya chini, kisikae karibu na matunda. Alikuwa anataka kuviacha chini ya kitanda. Nikamwambia visivyohifadhiwa vizuri vinaoza. Sauti yangu ilitoka sawa.

Alipokwenda nilikiosha kwa vidole. Jicho moja limeshaanza kutokeza, dogo kama punje ya mchele.

Kila kiazi nafunga kijibao cha mti na jina, ili Oktoba nisichanganye. Yungiyungi. Sabuni. Kahawa ya maziwa. Cha huyu nilikaa nacho, kalamu mkononi. Shemsa siwezi tena. Lamya sitaki, msichana hana kosa lakini jina hilo si lake. Nilifikiri kumwita Ilham, Ilham akakataa, anasema kakwisha kuitwa mkaza mwana wa mtu, hataki kuitwa tena na ua.

Nimeandika: pinki.

Kipo droo ya chini, nyuma ya karoti. Nimemuonya Harriet asije akakidhania kiazi kitamu akakichemsha. Unguja nimemwambia Ilham aende na binamu zake. Mie mwaka huu sisafiri, mtu lazima awepo nyumbani, umeme uwe umewaka.